Asilimia Sitini ya Mguu wa Mama

Ile picha nilipiga mimi. Naanza na hilo kwa sababu nyumbani bado hatulisemi.

Tulikuwa tukikaa ghorofani huko Vickery Meadow, Dallas. Kidato kimoja cha ngazi yetu ya mbao kilikuwa kimeoza. Mama alikwenda ofisini kwa meneja mara mbili, nami nikamtafsiria kwa sauti ndogo hadi meneja akaniambia niongee kama mtu. Alisema fundi atakuja. Hakuja. Mama akachana kipande cha kanga nyekundu, akakifunga pale kwenye chuma cha kushikilia, vile kwetu lori likiharibika watu huweka matawi barabarani. Watoto wa jengo zima wakajua kukiruka kidato kile.

Asubuhi moja Mama alishuka na kapu la nguo za kufua, mikono yote miwili imejaa. Kidato kikakatika. Akavunjika paja. Daktari aliweka vyuma, akasema bila upasuaji wa pili mguu utabaki mfupi. Upasuaji huo ulingoja malipo ya bima ya jengo.

Jirani alikuja kumpa pole. "Dada, si wewe ndiye trafiki wa ngazi? Umegongwa kwenye kituo chako mwenyewe?" Mama naye akacheka.

Tukapata wakili. Nilimwonyesha picha ya kitambaa, nikidhani itasema jinsi Mama anavyojali watu. Akauliza nani mwingine anayo. Nilikuwa nimeshamtumia mtu wa bima aliponipigia simu. Aliongea vizuri, akaniita binti hodari.

Siku ya Mama kuhojiwa, mwanasheria wa bima aliiweka ile picha mezani. Mkalimani alikuwa kwenye simu.

"Nani alifunga hiki?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Watu wasianguke, baba."

"Kwa hiyo ulijua pana hatari."

"Nilijua sana! Ningefungaje kama sijui?"

"Na ngazi ya upande wa pili ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa." Akanigeukia, akingoja nimsifu.

Wakili alitueleza tulipotoka. Hapa Texas, watu wanaoketi mahakamani kuamua kesi huligawa kosa kwa asilimia. Lako likizidi nusu, hupati hata senti. Bima ilisema la Mama ni sitini. Walikuwa tayari kutoa pesa kidogo, lakini hospitali na wakili wakichukua zao, upasuaji hautafikiwa. Tukikataa, tunaweza kukosa zote.

"Na ningeacha kufunga kile kitambaa?" Mama aliuliza.

"Kesi yako ingekuwa na nguvu zaidi."

"Na mtoto wa mtu angeanguka?"

"Hiyo ingekuwa kesi yake."

Mama alitia sahihi kupokea hizo kidogo. Ndani ya basi alinigeukia, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa dereva: "Wewe mbele za watu huna neno. Siku ya kunyamaza ndiyo ukapata mdomo. Sasa njoo utembee wewe na mguu huu."

Watu wawili walioelewa Kiswahili walitazama dirishani.

Kesho yake aliniagiza nipige simu hospitali nifute miadi ya upasuaji. Mwanamke wa mapokezi akauliza sababu. Mama alikuwa kitandani, ananitazama.

Nikasema amepona.