Siku Niliyopuliza Pembe ya Msaragambo kwa Ajili ya Filamu

Naona aibu mpaka leo, ila bora niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa kijijini kwetu Vudee, maana wale wakianza kuongeza chumvi, mchuzi hauliki.

Serikali ilisema itasaidia vikundi vya filamu vya mikoani, kamera, taa na mafunzo, ila kwanza afisa aje awaone mkipiga kazi. Basi akapanda mlima mpaka kwetu, akanikuta nimejifunga pazia la sebuleni la mama (naigiza mfumwa, yaani mtemi wa Wapare, na dairekta ni mimi huyohuyo, nimejifundisha kwa simu), stelingi wetu Nakiete ameshaanza kulia machozi ya kweli, tatizo stori inataka kijiji kizima kikusanyike na waliofika ni shangazi zangu wawili na mbuzi.

"Kijiji chenyewe ndio hiki?" afisa akauliza. "Halafu huyu dada, si mngetafuta mwigizaji wa Dar?"

Jamani, umguse Nakiete mbele yangu! Damu ikanipanda. "Subiri," nikamwambia, nikakimbia kwa mwenyekiti wa kitongoji (hayupo), nikachukua pembe ya msaragambo, ile inayoita watu kwenye kazi ya kijiji, nikaipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

Wakaja. Kila kona ya mlima ikatema watu na majembe, kina mama wameacha makande jikoni, mbele yao mwenyekiti anahema.

"Mfereji umepasuka wapi?"

"Shikamoo mwenyekiti. Ni... ni filamu."

Halafu sauti ya mama yangu kutoka nyuma: "Na hilo si pazia langu?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini, nikatamani ardhi inimeze. Mwenyekiti hakucheka. "Pembe hailii bure. Umetuita, kazi ifanyike."

Tukapandishwa kwenye mfereji wa juu uliojaa tope, mimi na pazia langu, na afisa na viatu vyake vya kung'aa (alisema yeye mgeni, mama mmoja akamwekea jembe mkononi: "Tuhesabu leo ndio siku ya tatu, baba, shika"). Ndipo Nakiete akaruka katikati ya tope, bado yuko kwenye filamu, akaninyooshea kidole: "Mfumwa gani huyu, anaita watu halafu analima kama anapapasa!" Watu wakalipuka, wakaanza kuimba, wananizomea kwa zamu, na Elinami wetu wa kamera, Mungu ambariki, hakuzima.

Afisa, tope magotini, akasema taratibu: "Huyo dada msimbadilishe."

Tukapata, wandugu! Kamera tunayo, taa tunazo, maji yanashuka mpaka mashamba ya chini, na Vudee nzima inadai filamu ni yao, na kweli ni yao. Ila pembe sigusi tena. Nikitaka umati nitapita nyumba kwa nyumba nikipiga hodi na kuamkia, hata mlima uniue. Wazee wananiita Mfumwa wa Pazia, na mimi naitika, nifanyeje?