Mlinzi wa Pweza na Wifi Yake

Saa moja asubuhi, maji yamekupwa mpaka mwamba umebaki wazi. Wanawake wapatao arobaini wamesimama mchangani, nguo wamezikunja magotini, fimbo mkononi, wakimtazama mtu mmoja tu. Yeye, mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka, ameshika mti wenye kitambaa chekundu na wala hana haraka.

“Ng'oa basi, jamani! Au unangoja pweza wavae viatu?” anapaza sauti mmoja wao. Wenzake wanaangua kicheko.

Huyo mwenye maneno ni wifi yake, dada wa mumewe. Mwenye kushika mti wanamwita Mama Ngoja, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi.

Miezi mitatu iliyopita ndiye aliyewashawishi wenzake wafunge upande mmoja wa mwamba ili pweza wapate kukua. Yeye akawa mlinzi. Kila aliyemkuta na fimbo karibu na kitambaa chekundu, alama ya kwamba pamefungwa, alimwambia neno moja: ngoja.

“Tulikuwa tunavua vitoto,” anasema. “Pweza robo kilo! Ukimchemsha anasinyaa, sufuria inakucheka.”

Kufunga hakukuwa lelemama. Wote walibanana upande wa pili wa mwamba, wakarudi na vikapu vyepesi. Nyumbani ndiko kulikowaka moto: wifi alisusa hata kukanyaga jikoni kwa Mama Ngoja.

“Aliniambia, umetufungia chakula chetu, halafu unajiita mtu wa ukoo huu?” anakumbuka Mama Ngoja. “Na mume wangu, fundi baiskeli, ana dada huku na mke huku. Maskini, kila tukianza yeye ana gurudumu la kunyoosha!”

Hakuna sheria inayowabana wanawake hawa. Ni makubaliano yao tu, na jioni ya leo watakaa waamue kama watafunga tena au basi.

“Sikufichi, usingizi ulinipaa,” anasema. “Wakikuta patupu, uso nitauweka wapi? Na nani atakubali kufunga tena?”

Anaung'oa mti. Wanawake wanamiminika mwambani kama watoto waliosikia kengele ya kutoka shule.

Haichukui muda, vigelegele vinaanza. Huyu kapata wa kilo mbili, yule wa kilo tatu. Mnunuzi aliyekuja na mizani anapima mmoja wa kilo nne na nusu, anampima tena, halafu anamuuliza mwenye pweza kama hakumjaza mawe.

Ghafla sauti ya wifi inasikika kutoka ukingoni. “Wifi! Wifi, njoo upesi!”

Mama Ngoja anakimbia, moyo mkononi, akidhani kachomwa na samaki mwenye sumu. Anamkuta amechuchumaa mbele ya shimo, fimbo ameiweka chini. Ndani, pweza mkubwa ajabu amejibana, na juu yake zimening'inia nyuzi za vitu vyeupe kama punje za mchele.

“Nini hivi?” anauliza wifi.

“Mayai. Huyu halali wala hali, anayalinda mpaka yaanguliwe,” anajibu Mama Ngoja.

Wifi anaisogeza fimbo yake mbali na shimo. Kisha anasimama, anatanua mikono.

“Hapa pasiguswe! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Atakayemgusa huyu, mimi na yeye!”

Na kweli anabaki pale analinda, wenzake wakijaza vikapu, mpaka maji yanapoanza kurudi.

Jioni wanakaa kwenye kivuli cha ghala la samaki. Kabla Mama Ngoja hajafungua mdomo, wifi yake ameshasimama.

“Tufunge,” anasema. “Na miezi mitatu haitoshi. Minne!”

Mikono inanyanyuka yote. Mama Ngoja anajifuta machozi kwa kiganja, akicheka huku analia, wala haoni haya.

Sasa anataka wafunge na kule kwenye nyasi za bahari, samaki wanakozalia. Ila ana sharti moja.

“Mimi nimechoka kutukanwa, nataka kuvua kama wenzangu,” anawaambia. “Mlinzi awe wifi. Kwa mdomo ule, nani atathubutu kusogea?”

“Mtajuta!” anajibu wifi, na papo hapo anawauliza zamu inaanza saa ngapi.