Hotuba Yangu Iliua Ng'ombe Wote wa Zaina

Jamani, mnipige mawe, lakini yawe madogo madogo, maana mwili wenyewe umeshakonda kwa aibu. Kosa ni langu. Si la shetani, si la mtandao, si la umeme. Ni la mdomo wangu huu!

Mimi ni mtu wa Mombo. Siku za kazi nauza vipuri vya pikipiki, Jumamosi nashika maiki kwenye harusi. Kuanzia Mazinde mpaka Lutindi hakuna bibi harusi ambaye sijamliza. Kidato cha nne nimekimaliza nikiwa na watoto watatu, masomo ya jioni, na Kiswahili nilipata alama ambayo mwalimu mwenyewe aliitazama mara mbili. Cheti nimekitia fremu. Mgeni akija kwangu anakisalimia hicho kwanza, mimi baadaye.

Sasa kuna kijana wa Korogwe, Rajabu, fundi wa gemu za simu. Alitengeneza gemu ya wasioona. Picha zipo kwenye kioo, lakini huna haja ya kuzitazama kabisa. Una ng'ombe watano, unawapeleka lamboni kunywa maji, na simu inakuambia sikioni kilichoko mbele. Ikisema simba yuko kushoto, unatelezesha kidole kulia. Ikisema korongo liko mbele, unasimama usitumbukie. Basi.

"Mjomba," akaniambia, "wewe ndiye mwenye sauti. Nirekodie maneno sita tu. Kushoto, kulia, simba, korongo, simama, maji."

Maneno sita! Mimi! Ni kama kumwita mpishi wa pilau la harusi aje achemshe yai moja.

Nikajifungia chumbani, nikajifunika blanketi zito ili honi za mabasi zisiingie, nikarekodi siku nne huku jasho likinitoka ndoo mbili. Nilipotoka, "simba kushoto" ilikuwa imekuwa hivi: "Mheshimiwa mchezaji, awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu kukujulisha, kwa heshima na taadhima, na kwa masikitiko makubwa, kwamba mnyama mkali ajulikanaye kwa jina la simba amejitokeza katika upande wako wa kushoto."

Na hiyo ndiyo ilikuwa fupi. Ya korongo ilikuwa na shukrani kwa wazazi.

Rajabu akauliza, "Mjomba, mbona mafaili mazito hivi?" Nikamjibu huo ni ubora wa sauti. Hakuyasikiliza. Gemu ya wasioona alikuwa akiijaribu kwa macho, sauti kaizima asisumbue wenzake ofisini!

Akaniachia kazi ya kumjaribisha Zaina. Huyu haoni tangu utotoni, na anafuma masweta ya shule kule Handeni, kwa mashine, kwa kasi ambayo mimi na macho yangu mawili ningeshajifuma vidole. Ana kaka yake, Shomari, ambaye kila siku anacheza gemu sebuleni na kumwambia, "Hizi si zako, dada. Wewe sikiliza redio." Miaka yote hiyo! Zaina hakuwa anataka huruma ya mtu. Alitaka kumfunga Shomari, mara moja tu, watu wakiwepo.

Akaja Korogwe kwa basi, akavaa hedfoni. Nikakaa pembeni nikingoja sifa.

Ng'ombe wa kwanza kaliwa. Wa pili kaliwa. Wa tatu katumbukia korongoni nikiwa bado nashukuru wazazi.

Akavua hedfoni. "Kaka, unanichungisha au unanihutubia? Simba ameshakula, ameshanawa mikono, wewe bado uko kwenye taadhima."

"Dada Zaina, hicho ni Kiswahili fasaha."

"Ufasaha wapelekee maharusi. Mimi nipe 'simba kushoto'. Nina ng'ombe huku!"

Iliniuma, jamani. Lakini nikacheka, nikamwambia, "Maoni yako nampelekea Rajabu leo leo. Yatarekebishwa yote." Akanishukuru. Akapanda basi, akafika nyumbani akamtangazia Shomari: siku ya uzinduzi njoo, nitakufunga mbele ya watu.

Na mimi? Nikachukua fomu ya maoni, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Mtumiaji alibubujikwa na machozi ya furaha. Ameomba sauti hii isiguswe kamwe."

Hilo ndilo kosa lenyewe. Maneno mengi ni ugonjwa wangu, nimezaliwa nao. Ile fomu ilikuwa dhambi.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Nusu ya mkoa wa Tanga ilikuwa ndani, nusu nyingine inachungulia dirishani. Kuna mgeni rasmi. Kuna walimu wa wanafunzi wasioona, wamekuja kupima kama gemu itawafaa watoto wao. Mimi suti. Zaina sweta jipya alilolifuma mwenyewe.

Shomari akaanza. Anatazama kioo, sauti wala haihitaji, ng'ombe watano lamboni, kiulaini.

Zamu ya Zaina, simu ikaunganishwa na spika kubwa ili wote tusikie. Nikaona kidole chake juu ya kioo, kimetulia, kinangoja maneno mawili.

"Mheshimiwa mchezaji, awali ya yote..."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mimi nikadhani wanashangilia sauti. Nikasimama nikainama! Wallahi, nilipunga na mkono!

"...fursa hii adhimu..." Simba akanguruma. Ng'ombe akalia mara moja, kimya. Halafu wa pili. Alipokufa wa tano kicheko kilikuwa kimeisha, imebaki sauti yangu peke yake inamshukuru mama mzazi.

Shomari akasema, tena si kwa ubaya, kwa mazoea tu, "Si nilikuambia, dada? Hizi si zako."

Zaina akageukia upande wa Rajabu. "Maoni yangu uliyapata?"

Rajabu akatoa fomu, akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye machozi ya furaha, Zaina akauliza polepole, "Mimi? Nililia lini?"

Suti ilinibana mpaka kwenye nyusi. Mgeni rasmi akatazama saa. Walimu wakafunga madaftari, wakasema waitwe gemu ikiwa tayari. Rajabu hakuniita mjomba tena. Akaniita "bwana", na mpaka leo ni hivyo hivyo.

Nilimkimbilia Zaina stendi. "Dada Zaina, kwa unyenyekevu mkubwa na kwa moyo wa..."

"Fupi, kaka."

Nikaikata hotuba. "Nilidanganya. Nisamehe."

"Kumbe unaweza!" akasema, akapanda basi. Kwamba amenisamehe, hakusema.

Baadaye maneno sita aliyarekodi yeye mwenyewe. "Simba kushoto" yake ni fupi kuliko chafya. Rajabu siku hizi hamalizi kitu kabla Zaina hajakisikia. Walimu walirudi wakaichukua gemu. Na Shomari alifungwa sebuleni kwake, mbele ya mama yao na majirani. Akaomba marudio, akafungwa tena!

Mtauliza sauti yangu iko wapi. Ipo! Zaina ndiye aliyeamua ibaki. Ng'ombe wako wote wakifa, kabla ya kuanza upya lazima uisikilize hotuba yangu mwanzo hadi mwisho, na haikatizwi. Mwalimu mmoja ameniambia watoto wake wanachunga kwa umakini ajabu. Wakikaribia kushindwa wanaambizana, "Kaza, yule baba asije!"

Adhabu! Nimesoma jioni miaka minne ili niwe adhabu!

Basi wewe unayetengeneza kitu cha wasioona, mwite asiyeona, na akikuambia neno, lifikishe kama lilivyo. Ukiombwa useme kushoto, sema kushoto, ufunge mdomo.

Nilikuwa na aya nyingine kumi na mbili hapa, tamu kwelikweli. Lakini najua Shomari atamsomea dada yake barua hii, na najua dada atasema nini. Nimezifuta.

Zaina, nilidanganya. Nisamehe.