Aliyeandika Nyuma Yetu Katika Mji Mkongwe

Mwaka wangu wa pili Stockholm, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mwalimu wetu wa Kiswidi alitupeleka Gamla Stan, mji mkongwe, kutembezwa kwenye makanisa. Tulikuwa watu kumi na wawili. Kiongozi wetu alikuwa mama wa Kijapani, mfupi, mwenye mwavuli wa bluu, aliyeolewa na Mswidi miaka mingi. Alituambia kwao ni mtaa wa mahekalu, na baba yake alikuwa akiwatembeza wageni huko, hekalu hadi hekalu, naye akiandamana nao.

"Kwetu huingii hekaluni kama unayeingia dukani," alisema. "Unanawa mikono, unasimama, unanyamaza kwanza."

Maji hakuwa nayo, lakini kusimama alitusimamisha, mlangoni pa kila kanisa. Na katika kimya cha mlango wa kwanza nikasikia penseli ikikwaruza karatasi nyuma yangu.

Aliyeandika alikuwa mwanafunzi mpya, mwanamume wa makamo mwenye koti la kijivu lililomzidi. Alikuwa na wiki moja tu darasani na hakuzungumza na mtu. Mimi nilidhani ni Mkongo. Nilipogeuka kumtazama, alifunga daftari haraka, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, wewe nakwenda mbele. Mimi nakuja."

Kiswahili cha namna hiyo nilikijua. Kiswahili changu mimi nilikiokota Nairobi, nilikokaa miaka mitatu nikingoja viza. Kwetu Kampala kilikuwa lugha ya askari. Ukikisikia nje ya mlango, unazima taa na kuwafumba watoto midomo. Wanaume watatu waliokuja kumchukua kaka yangu walikizungumza hivyo hivyo: "Wewe nakuja. Nyinyi nabaki." Hatukumwona tena.

Kuanzia hapo sikusikia habari ya kanisa lolote. Pale Alby, kitongoji cha Stockholm tulikokuwa tukiishi, Waganda wenzetu walikuwa wakionyana kwamba serikali ya nyumbani ina masikio hadi huku, na kwamba masikio hayo huanza kwa kuandika majina. Nilihama kutoka nyuma nikaenda katikati ya kundi. Yeye akabaki nyuma. Katika kichochoro kimoja chembamba niliinama kufunga kamba za kiatu ili anipite. Naye akasimama, akainua macho kwenye mlango wa nyumba, akaandika. Watu wote walitazama minara, yeye alitazama milango. Nikawaza: anatafuta mtu anayekaa humu.

Tulipofika uani mwa kanisa la Wajerumani, yule mama alifungua chupa ya chai akatugawia kwenye vikombe vya karatasi. Changu nilikiweka chini bila kuonja. Hasira ikashinda woga. Nilimfuata yule mtu kwenye benchi.

"Unaandika nini?" nikamuuliza. "Majina yetu?"

Akanipa daftari lenyewe. Nikalifungua. Kulikuwa na majina ya vichochoro na namba za milango, ukurasa baada ya ukurasa, na mishale ya kuonyesha kona.

"Jumatatu mimi naanza kazi ya kugawa magazeti huku," alisema. "Hii njia yote nafanana. Mimi napotea, wao nafukuza mimi."

Nilipaswa kushusha pumzi. Badala yake nikauliza, "Na Kiswahili hicho ulikipata wapi?"

"Kambini. Baba yangu alikuwa mpishi wa askari."

"Na wewe? Ulikuwa nani huko?"

Alikizungusha kikombe chake. "Askari, miezi nane," akasema. "Halafu mimi natoroka."

Hakuniambia alifanya nini katika miezi hiyo, nami sikuuliza. Nilimrudishia daftari nikaenda kusimama karibu na mwalimu. Kanisa la mwisho niliingia bila kusubiri kunyamazishwa.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mtu wa kambini ni mtu wa kambini. Usimsalimie tena." Niliitikia kwa kichwa, ingawa namba zile za milango nilikuwa nimeziona kwa macho yangu.

Yule mtu hakurudi darasani. Nilikutana naye mara moja tu, majira ya baridi yaliyofuata, kwenye ngazi za stesheni ya treni ya chini kwa chini pale Alby. Alikuwa amekonda, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa wino wa magazeti. Uso wake ulifunguka aliponiona.

"Dada! Habari ya siku mingi?"

Nilimjibu kwa Kiswidi kwamba amenifananisha na mtu mwingine. Aliomba radhi, kwa Kiswidi pia, polepole, bila kosa hata moja, akashuka ngazi. Mimi nilibaki juu nimeshika chuma cha ngazi hadi treni yake ilipoondoka. Sikumwambia mume wangu, na hadi leo sijui nilimkimbia nani.