Kanda Zisizo na Maneno

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga chafya, na chafya ile ikauzwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, mjini Kisumu, katika duka la muziki lililokuwa mwendo mfupi kutoka soko la Kibuye. Nilikuwa nimetoka Nyeri kumfuata dada yangu aliyeuza mitumba pale sokoni, na baada ya mwezi mmoja wa kukunja suruali za watu wasiojua wanataka nini, nikasema hapana, mimi natafuta kazi ya kukaa. Duka lile lilitaka mtu wa kurekodi kanda. Mteja alileta kanda tupu na orodha ya nyimbo, nasi tukazitoa kwenye santuri tukamjazia. Waya wa kuunganisha mashine ya santuri na redio kaseti ulikuwa umeungua wiki hiyo, kwa hiyo redio kaseti ilikuwa ikisikiliza spika kwa maikrofoni yake yenyewe. Chochote ulichosema mle chumbani kiliingia kwenye kanda. Mimi hakuna aliyeniambia.

Siku ya tatu akarudi mteja, nesi mmoja mpole.

"Dada, katikati ya wimbo wangu kuna mtu ako na homa," akasema.

Fundi Mkuu, ndiye aliyekuwa bosi wangu, mtu mrefu asiyecheka saa za kazi, aliisikiliza ile kanda mpaka mwisho. Halafu akaniita kando. "Wambui, hapa watu hawanunui sauti yako. Wananunua gitaa. Ukiwa na la kusema, toka nje useme."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Maneno yale niliyashika kama amri ya kanisani, na ninyi vijana mnaoniuliza habari za muziki wa zamani na wa sasa mtaona yalikonipeleka.

Kazi yenyewe niliijua haraka. Sijisifu bure, nasema ukweli. Nilisafisha kichwa cha mashine kila asubuhi kwa pamba na spiriti, kwa sababu kichwa kichafu hutoa wimbo kama mtu anayeimba ndani ya blanketi. Kanda iliyojinyonga niliirudisha kwa kalamu ya biro. Nilijua kuvunja yale meno mawili ya plastiki ya juu ya kanda ili mtu asifute wimbo kwa bahati mbaya, na nilijua kuyaziba kwa selotepu mteja akibadili mawazo. Kilichonipa jina ni kuunga. Santuri ndogo za benga, ule muziki wa magitaa wa Waluo, zilikata wimbo vipande viwili: upande wa kwanza waliimba, upande wa pili waliacha magitaa yakimbie. Mafundi wengine walikuachia kimya kirefu hapo katikati wakigeuza santuri. Mimi nilisimamisha kanda kwa kitufe, nikageuza, nikashusha sindano, nikaachilia kitufe, na mchezaji akaendelea kucheza bila kujua kwamba santuri imegeuzwa.

Fundi Mkuu alipohamia Busia kufungua duka lake, mwenye duka alikuja mara moja tu, akatazama, akasema, "Basi wewe ndiye Fundi Mkuu." Akaondoka. Nikabaki na funguo, na bahati mbaya nikabaki pia na maoni.

Mlangoni tulikuwa na benchi, na benchi ile haikuwahi kukosa watu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alishikilia kwamba muziki ulikufa siku walipoleta kinanda cha umeme. "Hiyo si ngoma, hiyo ni mashine ya kusaga," alisema. Makanga wa matatu pale stendi walimjibu kwamba nyimbo zake zinasikika kama zimerekodiwa ndani ya debe. Yule nesi hakutaka benga ya zamani wala mpya, yeye ni rumba ya Kongo tu, na akiisikia alifumba macho. Nilisikiliza ubishi huo miaka na miaka, nikagundua kwamba kila mtu anaamini muziki mzuri ulikoma mwaka aliooa. Niliwaambia hivyo, wakakasirika wote.

Mimi nilikuwa upande wa vijana. Na kulikuwa na kitu kimoja katika santuri za zamani kilichonikera. Kwenye upande wa pili, magitaa yakishapata moto, mwanamume huingia na kuanza kuongea. Anaongea, anacheka, anataja majina, mwingine anamjibu, wengine dakika nzima na zaidi. Kiluo nilichojua wakati huo kilikuwa cha kununulia samaki. Nikaamini kabisa kwamba ni walevi walioingia studio wakaachwa tu. Nikakumbuka chafya yangu na aibu yake. Kama sauti yangu si ya kuuzwa, ya hawa je?

Nikaanza kuwakata. Maneno yakianza, nashusha sauti polepole na kusimamisha kanda; yakiisha, naiachilia kanda na kuipandisha sauti. Ukiwa na mkono mwepesi huwezi kusikia mahali palipokatwa. Nyimbo saba zilizokuwa zikijaza kanda zikawa nyimbo tisa. Makanga walifurahi, wakazipa jina: kanda za Wambui, hazina maneno. Watu walitoka hata Kisian na Otonglo, nje ya mji, kuzifuata. Nikatengeneza kanda mama, yaani zile za dukani tunazonakilia nyingine, zote kwa mtindo huo. Na kwa kuwa santuri zilikuwa zimechakaa na kujaza rafu, nikawa nazitia kwenye boksi, moja kila baada ya wiki kadhaa, nampa mchuuzi mmoja wa Kibuye azichukue.

Mtu mmoja tu alinipinga. Mzee Obuya, karani mstaafu kutoka Kisian, alikuja kila Jumamosi na kofia yake, akasikiliza, asinunue.

"Wewe nyar Okuyu," aliniambia siku moja, maana ndivyo walivyoniita, binti wa Wakikuyu, "unakata samaki kichwa halafu unaniuzia mkia."

"Mzee, hao ni walevi wanapiga kelele."

"Nani alikuambia ni walevi? Hiyo ni pakruok. Mtu anasimamisha muziki anasema yeye ni nani, anatoka wapi, bibi yake ni nani. Anajisifu mbele ya watu. Bila hiyo, wimbo ni ya nani?"

"Anayetaka kujisifu akajisifu kwake," nikamjibu. Benchi nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao. Mzee alivaa kofia yake akaenda. Nakumbuka nilijiona hodari sana siku hiyo.

Miaka ikapita. Miaka ya tisini ilikuwa imeanza wakati Mama Akoth alipoingia dukani, mjane anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Otonglo, pamoja na binti yake Akoth. Binti alikuwa na kicheko kikubwa cha ghafla, na kila kilipomtoka alikiziba kwa kiganja. Mama hakuketi. Alinitajia bendi ya zamani ya huko Kisian na wimbo wao mmoja.

"Unayo?"

"Ninayo, mama. Hakuna benga ya hapa ambayo sina."

Nikaitia kanda mashineni kwa madaha. Tulisikiliza waimbaji, yakaja magitaa. Mama Akoth aliinamisha kichwa karibu na spika, akangoja. Magitaa yalikimbia mpaka mwisho, wimbo ukaisha. Akaniangalia.

"Rudisha nyuma. Umeruka mahali."

Nilirudisha. Akasikiliza tena, mkono ukiwa kwenye kaunta. Wimbo ulipoisha mara ya pili akauliza taratibu, "Bwana yangu ako wapi?"

Ndipo akanieleza. Mumewe, Ouko, alikuwa dereva wa lori la samaki. Bendi ile ilipopata nafasi ya kurekodi Nairobi haikuwa na nauli, naye akawabeba juu ya lori, wao na vyombo vyao. Kwa shukrani wakamwachia aongee kwenye upande wa pili. Aliumwa akafa mwaka uleule, Akoth akiwa bado tumboni. Picha walikuwa nayo moja. Santuri yao iliharibika nyumba ilipovuja.

"Huyu anaolewa mwezi ujao," akasema, akimwonyesha binti. "Hajawahi kusikia baba yake. Nilimwambia usijali, duka ya mjini iko nayo. Nilikuwa nangojea tu hiyo siku."

Ningeweza kusema kanda imechakaa. Nilitaka kusema hivyo, na ulimi ulikuwa tayari. Lakini Akoth alikuwa ananitazama.

"Mama, nilimkata mimi," nikasema. "Kwa mkono huu. Sikujua ni nani."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alimshika binti mkono, akasema, "Basi, erokamano," akanishukuru kana kwamba nimempa kitu, wakatoka.

Nilifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata nilipougua malaria. Nikaenda Kibuye kwa yule mchuuzi niliyempa maboksi. Alikuwa akiuza sahani za bati na viatu vya mguu mmoja. Alikumbuka vizuri.

"Hizo santuri zako? Zilienda kitambo. Kila boksi ulinipea, kuna mzee mmoja alikuwa anangojea hapa. Anachukua yote, hata zenye zimepasuka. Mzee wa kofia, wa Kisian."

Nilisimama pale na jua likinipiga. Jumamosi zote zile Mzee Obuya alipotoka dukani kwangu bila kununua kitu, alikuwa akija hapa kuokota nilivyotupa.

Kesho yake nilikuwa nyumbani kwake. Santuri zilijaa ukuta mmoja mzima, zimesimama wima, kila moja ndani ya bahasha ya kaki yenye mwandiko wa karani. Nilimweleza yote, hata ile sehemu ya kutaka kudanganya. Alisikiliza akinywa uji wake.

"Iko," akasema. "Lakini haitoki kwa hii nyumba. Mlete huyo mama na binti wake. Na wewe ulete mashine yako, sindano yangu imeisha."

"Na nirekodi?"

"Utarekodi yote. Hata mimi nikikohoa."

Jumapili, baada ya kanisa, tulikaa wanne sebuleni kwa Mzee Obuya. Niliunganisha waya, nikaingiza kanda mpya, nikaipangusa santuri kwa kitambaa. Sindano ikatua. Upande wa kwanza ukapita. Nikageuza. Magitaa yakashika moto, halafu sauti ya mwanamume ikaingia, nene, karibu kabisa na maikrofoni. Kiluo changu kilikuwa kimekua, nilimwelewa neno kwa neno.

"Ni mimi Ouko, dereva wa lori la samaki, mume wa Auma binti wa Seme. Chai ya Auma ndiyo inaendesha lori. Mafuta ni ya kusaidia tu."

Halafu akacheka. Kicheko kikubwa, cha ghafla.

Akoth alimgeukia mama yake. Kiganja kilikuwa kimeshainuka kuelekea mdomoni, kikaishia hewani. "Mama, ndiyo maana hukuwahi kunikataza kucheka hivi," akasema.

Mama Akoth, Auma mwenyewe, alikuwa analia na kutabasamu. "Rudisha," akaniambia. Nilirudisha mara tano. Nilihesabu pia urefu wa maneno yale: ni sekunde kumi na moja. Sekunde kumi na moja nilizokata ili makanga wapate nafasi ya wimbo mwingine.

Tangu hapo kila Jumapili nilikwenda Kisian na mashine, mwaka mzima na zaidi, nikatengeneza upya kanda mama zote kutoka kwenye santuri za Mzee Obuya. Juu ya kila moja niliandika: na maneno yake. Makanga walilalamika kwamba nyimbo zimerudi kuwa saba. Niliwaambia wakanunue kwingine, na wengine wakaenda. Haikunisumbua.

Niliendelea na kazi hiyo hadi santuri zikawa pambo na kanda zenyewe zikaanza kukosa wa kuzinunua. Siku ya kustaafu nilifungua mashine, nikasafisha kichwa mara ya mwisho, nikaondoka. Mkiniuliza sasa muziki upi ni bora, wa zamani au wenu, nitawajibu bila kupepesa macho: upigeni huo wenu, una mdundo mzuri, na mwalimu wangu wa kwenye benchi alikosea kuhusu kinanda. Ubaya hauko kwenye kinanda. Ubaya ni mkono unaoamua, kabla ya kuelewa, kipi ni wimbo na kipi ni kelele. Mkono huo nilikuwa nao, najua ninachosema.

Kutoka dukani nilichukua kanda moja tu. Ni ya harusi ya Akoth, Otonglo, saa nane mchana, bendi ya vijana ikipiga na kinanda chao. Katikati ya wimbo Mama Akoth alisimama, akainua mkono, muziki ukashuka. Akasema fundi wa kanda aje aseme yeye ni nani. Nilikataa, nikasukumwa. Mzee Obuya alikuwa ameishika redio kaseti yangu mapajani, vitufe viwili vya kurekodi vimeshabonyezwa.

Sauti yangu iko mle. Kiluo kimevunjika vipande vipande, na nilianza kwa kukohoa kwa woga. Nasema mimi ni Wambui, nyar Okuyu, fundi wa kanda wa Kisumu, niliyenyamazisha waume wa watu na sasa nawarudisha mmoja mmoja. Watu wanapiga vigelegele, na juu ya vigelegele vyote unamsikia bibi harusi akicheka kicheko cha baba yake.

Kile kikohozi bado kipo. Sijakikata.