Salamu ya Kuchuchumaa

Sisi Wafipa hatusalimii kwa haraka. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe hata kama huna ng'ombe, na unajibu huku viganja vinaendelea. Mkubwa hajamaliza, huinuki. Binti yangu huinuka. Tangu akiwa mdogo huinuka katikati ya habari za shamba akaenda zake, nikabaki mimi na macho ya watu.

"Mtoto gani huyu anasalimia kama anafukuzwa na nyuki?" dada yangu wa Mpui aliniuliza mwaka jana, mbele ya mawifi zangu. "Samaki mkunje angali mbichi, mdogo wangu."

Nilimjibu kwamba nilimkunja, mwiko ndio uliovunjika. Wakacheka. Mimi sikucheka, maana ilikuwa kweli. Nilimchapa mwanangu miaka mingi kwa kitu ambacho hakukichagua, na hilo linaniuma mpaka leo. Alikuwa na miaka kumi na minne daktari mmoja wa Mbeya aliponiambia kuwa ana hali inayoitwa ADHD: akili haitulii, mwili hautulii, na hasira inamtangulia. "Mama, mpe jambo moja kwa wakati mmoja," alisema. "Likiisha, ndipo lingine."

Sasa yuko kidato cha pili. Juzijuzi alimrushia mwalimu wa hisabati dasta, ikampita sikioni ikavunja kioo cha dirisha. Sisemi alifanya sawa. Kioo kipya nilikipeleka mwenyewe, nimekifunga kwa khanga. Lakini barua ikaja: tufike mbele ya bodi ya shule, binti aombe radhi, la sivyo ataondolewa. Hiyo ilikuwa shule yake ya pili. Ya tatu ingekuwa jembe, na mimi nilishaapa kwamba huyu atasoma.

Mwenyekiti wa bodi ni mzee wa kwetu, mtu wa salamu. Nilimjua. Asiposalimiwa mpaka mwisho, hata hizo radhi hatazisikia.

Tukafanya mazoezi. Wiki mbili, kila jioni nikishafunika cherehani, nilikaa kwenye kigoda jikoni nikawa mwenyekiti. Jambo moja kwa wakati mmoja. Chuchumaa. Makofi. Jibu. Siku ya kwanza alifika habari ya pili, akasimama kuchungulia maharage. Nikapandisha sauti, naye akaipiga sufuria teke. Tulikula ugali kwa chumvi, tumenuniana. Kesho yake nikamwita tena.

"Mama, kwani ukisalimia wewe kwa niaba yangu haitoshi?"

"Haitoshi. Chuchumaa."

Siku ya bodi, ofisini shuleni, alichuchumaa vizuri, nami pembeni yake, magoti yakinilalamikia. Mzee akaanza. Habari za nyumbani? Nzuri. Habari za mjini? Nzuri. Habari za mvua? Nikasikia makofi ya binti yanashika kasi. Kwenye habari za mahindi akainuka, akatoka nje. Mwalimu wa nidhamu alitikisa kichwa, akavuta karatasi, akashika kalamu.

Mimi sikuinuka. Nilijibu habari za mahindi, nikaendelea kupiga makofi. Aibu ilinichoma, sitadanganya. Lakini niliamua kwamba nitachuchumaa pale mpaka jua lizame, na mzee akiishiwa habari nitaanza kumuuliza mimi. Akauliza za ulezi, nikajibu. Akauliza za kuku, nikajibu. Muda wote huo nilisikia viatu vya binti vikienda na kurudi kwenye baraza, vikienda na kurudi.

Kisha vikanyamaza. Akaingia, jasho likimtoka, akachuchumaa mahali pake palepale.

"Shikamoo babu," alisema. "Niliinuka kabla hujamaliza. Naomba nianze tena."

Mzee alinitazama mimi, akamtazama yeye. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua ile kalamu kutoka kwa mwalimu na kuilaza mezani.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema. "Habari za nyumbani?"