Kisu Alichonikabidhi Daudi

Siku ya kuamkia safari yetu, Daudi alinikuta nikisomesha tarekhe, historia ya Uislamu. Darasa langu lilikuwa baada ya alasiri, katika chumba cha uani pale kwangu Makorora, na siku hiyo tulikuwa Andalusi. Nilikuwa naipenda Andalusi kupita kiasi. Nilianza na Waislamu walivyovuka bahari wakaingia Hispania, nikaja Kurtuba na maktaba zake, kisha nikashuka polepole hadi Gharnata, mji wao wa mwisho, ilipoanguka mikononi mwa Wakristo. Mwisho wake ndio niliokuwa bingwa wa kuusimulia: Waislamu walivyolazimishwa kubatizwa, majirani walivyowapeleleza nani anaoga Ijumaa, nani anachinja kwa kuelekea kibla, nani hali nguruwe, na jinsi hata hao waliobatizwa walivyokuja kupakiwa merikebuni na kufukuzwa. Wanafunzi walilia. Nami nikiyaona machozi ya watu najiona mwalimu kweli.

Daudi alikuwa amesimama dirishani, jogoo kwapani. Alikuwa fundi seremala, Mlutheri, Msambaa wa Maramba, na chumba alichopanga kilipakana na ukuta wangu. Mimi asubuhi ni fundi rangi, kwa hiyo milango aliyoitia yeye, naipaka mimi. Kila alipotaka kula kuku aliniletea nimchinjie. Si kwamba hakujua kushika kisu, mtu anayeshinda na misumeno. Alitaka mimi na wanangu tuweze kula. Ndivyo tunavyoishi huku kwetu. Mkristo akialika watu humpa Mwislamu kisu, na wala halizungumzwi.

"Maalim, hao watu wako hawajaisha kufukuzwa tu? Jogoo keshachoka," alisema.

"Kafiri wee, ngoja nimalize!" nikamjibu, na darasa zima likacheka. Yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, ambako mfanyabiashara mmoja wa kwetu alikuwa anajenga duka na alitaka mafundi anaowajua. Tulishasikia kwamba huko kuna watu wenye silaha wanaochoma vijiji kwa jina la dini. Mke wa Daudi, Mama Neema, hakutaka aende. Mimi ndiye niliyemtoa hofu. Nilisema, "Huko ni kwa Waislamu wenzangu, shemeji. Atakuwa nami."

Kazi ilikwenda vizuri kwa wiki kadhaa. Watu wa pale walizungumza lugha iliyokaribiana na yetu, samaki walikuwa rahisi, na Daudi alikuwa amefikia milango ya mbele. Alikuwa anapiga randa asubuhi moja tuliposikia risasi. Wenyeji walikimbilia porini. Sisi wageni hatukulijua pori lao, tukajifungia stoo, katikati ya mifuko ya saruji.

Humo ndimo nilimofanya kile nilichokiona kuwa akili. Nilimfundisha shahada na Alhamdu. Alizishika upesi mno, maana alikuwa amezisikia dirishani kwangu miaka na miaka. Hata jina halikuhitaji kubadilishwa; Daudi ni wetu sote.

"Maalim," aliniuliza, "nikiyasema haya nakuwa nani?"

"Unakuwa hai."

Akauliza tena: "Na wale wa Andalusi, walipokubali kubatizwa, waliachwa?"

Alilijua jibu, darasa lile alikuwa amelisikia mara nyingi kuliko wanafunzi wangu.

Kesho yake wale wenye silaha wakavunja mlango.

Walitukusanya uwanjani na watu wengine waliowakamata. Mmoja mmoja tuliulizwa jina na kuambiwa tusome shahada na Alhamdu. Walioshindwa kusoma walipelekwa nyuma ya ukuta wa duka. Daudi alisoma bila kukwama. Alipokuja kusimama karibu yangu, mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naona fahari kwamba amesoma vizuri.

Kisha kiongozi wao akatuhutubia. Alikuwa kijana, mwenye sauti ya upole. Alianza na kuvuka bahari, akaja Kurtuba, akashuka hadi Gharnata, akamalizia na mateso ya waliobatizwa kwa nguvu. Lilikuwa somo langu, kwa mpangilio wangu, na mle mle ninamoshusha sauti naye alishusha yake. Mwishoni akaongeza kwamba leo wakati umefika wa kulipiza, na wa kulipizwa ni hawa walio karibu. Hilo mimi sikuwahi kulisomesha. Lakini pia sikuwahi kusomesha kinyume chake. Sikuwahi kuwaambia wale watoto kwamba aliyeonewa naye anaweza kuonea.

Mchana ukafika, na watu wale walikuwa na njaa. Mmoja wao alikamata kuku, akamshika mtu aliyekuwa karibu naye zaidi, akamtia kuku na kisu mikononi. Haukuwa mtihani. Alitaka tu kula.

Mtu huyo alikuwa Daudi.

Daudi akageuka, akaninyooshea vyote viwili. "Maalim, tusaidie."

Nikapokea.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda miaka yote. Nilishamgeuza kuku kuelekea kibla nilipogundua kwamba kiongozi anatutazama.

"Kwa nini hachinji mwenyewe?" aliuliza.

Jibu lilikuwepo. Waislamu wangapi hawathubutu kuchinja? Wangapi hawapendi kumtangulia maalim wao? Mtoto wa chuo cha Kurani angelipata jibu hilo. Daudi alinitazama akilisubiri.

Ulimi wangu haukunyanyuka.

Aliposubiri akaona hakuna kitu, akasema mwenyewe. "Mie ni Mkristo. Na huyu nilimdanganya. Alijua mie mwenzake."

Kiongozi akanigeukia. "Kweli alikudanganya?"

"Ndiyo," nikasema.

Neno hilo lilitoka bila shida yoyote.

Walimpeleka nyuma ya ukuta. Kiongozi akaniambia niendelee na kazi, nami nikasoma bismillahi nikachinja. Walipopika walinipa sehemu yangu. Nilikula.

Jioni walisikia wanajeshi wanakuja, wakaingia porini, na sisi tuliobaki tukatawanyika. Sikwenda nyuma ya ukuta kumtazama. Nilijiambia hakuna muda. Niliifuata njia ya kaskazini pamoja na wakimbizi wengine mpaka Ruvuma, nikavuka, na nilipofika Tanga watu walinikumbatia, wakasema Mungu si Athumani. Darasa la tarekhe nililifunga. Wazazi walidhani nimeugua.

Ilinichukua muda kupata ujasiri wa kupanda Maramba, alikorudi Mama Neema na watoto. Alinikaribisha kibarazani, akanipa kiti, akaketi. Habari ya kwamba Daudi alisoma shahada ilikuwa imemfikia kabla yangu kupitia kwa wakimbizi, na kanisani kwao baadhi ya wazee walikuwa wanasita kumfanyia ibada ya kumuaga.

"Shemeji," aliniuliza, "mume wangu amekufa akiwa nani?"

Nikamwambia amekufa Mkristo, na kwamba alilitamka hilo kwa kinywa chake, mbele ya watu wenye bunduki. Akajifunika uso kwa khanga, akalia. Kisha akanishika mkono akanishukuru. Alisema nimemrudishia mume wake.

Ningeweza kuondoka hapo hapo. Roho yangu yote ilitaka kuondoka. Lakini shukrani ile ilinishinda kuibeba, nikamweleza yaliyobaki: kisu, swali, jinsi Daudi alivyonifunika, na jibu langu.

Akauachia mkono wangu. Alikaa akitazama migomba iliyokuwa mbele ya nyumba, macho makavu sasa.

"Kwa hiyo neno la mwisho alilolisikia kwako," alisema, "ni kwamba yeye mwongo."

"Ndilo hilo, shemeji."

Sikujitetea, na hakunitukana. Kama angenitukana ningepumua. Aliinuka, akaenda mlangoni, akawaita watoto wake, Neema kwanza na kisha wadogo zake, wakaja wakaketi mkekani mbele yangu. Akaniambia wanataka kujua baba yao alikufaje, na kwamba nianze mwanzo, nisiruke kitu.